Redio ya Umma si Kipaza Sauti cha Ikulu

Katika siku ya Mkenya kulikuwa na saa moja ambayo hata mawaziri waliiogopa. Ilikuwa saa saba mchana, saa ya taarifa ya habari katika redio ya taifa. Enzi za utawala wa Rais Daniel arap Moi, waziri aliweza kutoka nyumbani asubuhi gari likipepea bendera, akahutubia mkutano, akaketi mezani kula chakula cha mchana, kisha akajua kutoka kwa msomaji wa taarifa kwamba ameachishwa kazi. Dereva wake alijua dakika ile ile, na jirani yake, na muuza mboga wa sokoni aliyekuwa ameitundika redio yake kwenye msumari. Aliyemwachisha hakuona haja ya kumwita na kumweleza kosa lake. Wakubwa wa serikali walijifunza kukaa karibu na redio kila adhuhuri, roho juu, kama jamaa wa mgonjwa mahututi.

Wengi husimulia mambo hayo wakicheka. Sisi hatucheki. Chombo kilichonunuliwa kwa kodi ya mkulima wa chai na ya mchuuzi wa samaki kiligeuzwa kuwa tarishi wa mtu mmoja, na wenye chombo wakawa watu wa kusikiliza barua zisizowahusu. Mwananchi aliambiwa nani amefutwa. Hakuambiwa kwa nini. Na tabia hiyo, ndugu msomaji, haikuzikwa siku kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa mnamo Desemba 1991. Imebadilisha mavazi mara kadhaa tangu hapo, nasi twataka kuivua.

Hebu tuipitie siku moja ya redio ya taifa jinsi ilivyokuwa katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, kwa maana vijana wetu hawakuisikia, na wazee wetu wameanza kuitamani, nadhani kwa kuwa wanautamani ujana wao. Alfajiri ulipigwa wimbo wa taifa. Yalifuata mawaidha ya dini, kisha kwaya za kizalendo zikimsifu kiongozi kwa sauti nne. Halafu habari. Habari ya kwanza ilikuwa Mtukufu Rais: Mtukufu Rais amefungua, Mtukufu Rais amepokea, Mtukufu Rais amehimiza. Ikiwa ni Jumapili, Mtukufu Rais amehudhuria ibada, na kanisa aliloabudu humo ndilo kanisa lililokuwa na habari siku hiyo. Maelfu ya makanisa mengine yalikuwa kana kwamba hayakufungua milango. Habari ya pili mara nyingi ilikuwa ya waziri akiyarudia aliyoyasema Rais. Ya tatu, ya mkuu wa mkoa akiyarudia aliyoyasema waziri. Njaa, bei ya kahawa na mishahara ya walimu vilingoja zamu yao, na zamu ilipowadia muda ulikuwa umekwisha.

Lakini mchana ulipoendelea, redio hiyo hiyo ilibadilika ikawa kitu kingine. Yalisomwa matangazo ya vifo, yaliyolipiwa na jamaa: jina la marehemu, kijiji chake, wana na wakwe walioko Mombasa na Nakuru, siku ya mazishi na mahali pa kukutana. Vilikuja vipindi vya salamu, fundi wa baiskeli akimkumbuka shangazi yake wa Voi, mwalimu wa Kitui akiwasalimu aliosoma nao chuoni, kila mmoja akiwa amenunua kadi na kuiandika kwa mkono wake. Yalikuja matangazo ya shule yaliyotayarishwa na Taasisi ya Elimu, na mashauri kwa wakulima. Jioni ilikuja michezo ya kuigiza na hadithi. Mtu akiijumlisha siku yote hiyo ataona kwamba mwananchi wa kawaida alitajwa kwa jina mahali pawili: alipokuwa akisalimu, na alipokuwa amekufa. Mahali pa tatu alikuwamo bila jina lake, ndani ya hadithi. Katika habari hakuwamo kabisa, isipokuwa kama umati uliopiga makofi.

Hapo kwenye hadithi twaomba tusimame kidogo, kwa sababu wanasiasa wa mageuzi huzidharau na kuziita burudani. Tunapodai uhuru wa redio huwa tunadai dakika za habari na mijadala tu, tukidhani saa nyingine zote hazina siasa. Hadithi zina siasa nyingi mno. Mtoto aliyeitikia "Pakawa!" mbele ya redio alifundishwa mapema kumtambua fisi anayeahidi kulinda mbuzi, na sungura anayeponyoka kwa akili pale nguvu zinapomshinda. Alipokuwa mtu mzima akasikia taarifa ya habari, alikuwa na kipimo tayari. Katika miaka ya 1980 mchezo wa redio ulioitwa Ushikwapo Shikamana uliwafanya watu katika nyumba nyingi wazungumzie uzazi na ndoa, mambo ambayo hotuba za wakubwa hazikuweza kuyagusa bila kuwachosha watu. Watu walizungumza kwa sababu waliwaona majirani zao ndani yake. Msomaji wa habari hakuwa na jirani wa kutuonyesha.

Na serikali yenyewe ilijua nguvu za hadithi kuliko sisi. Ngũgĩ wa Thiong'o alipochapisha Matigari kwa Kigikuyu mwaka 1986, aliweka ndani yake redio iitwayo Sauti ya Ukweli, inayokatiza maisha ya watu kila mara kutangaza amri na sifa za mtawala. Mwaka 1987 nakala za kitabu hicho zilikamatwa na polisi madukani. Redio ya kweli ilikuwa salama. Iliyokamatwa ni redio ya kubuni.

Kuna kipindi kimoja ambacho hatuwezi kukiruka. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianzisha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, nacho kikadumu zaidi ya nusu karne. Alikuwa akituletea kisa cha maisha ya kila siku, mgeni aingiaye bila kubisha hodi, mtu azungumzaye huku mdomo umejaa chakula, kisha akatuuliza swali lake. Taifa zima lilijibu. Hatujui kipindi kingine kilichowafunza Wakenya wa makabila yote kuhojiana kwa Kiswahili bila kutukanana, na kwa hilo twamshukuru. Lakini tazameni mpaka uliowekwa, ambao hakuuweka yeye. Ungwana wa utingo wa matatu uliulizwa. Ungwana wa jirani mwenye kelele uliulizwa. Kumzuia mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, je, huo ni ungwana? Kuwapanga wapiga kura mlolongo nyuma ya picha, kama mwaka 1988, kisha mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu, je, huo ni ungwana? Swali lilikuwapo, mtangazaji hodari alikuwapo, wasikilizaji walikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Mtangazaji huyo huyo ndiye aliyechukuliwa na wanajeshi alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, na siku hiyo hiyo, askari watiifu kwa serikali walipokikomboa kituo, akatangaza kwamba serikali imerudi. Waasi na watetezi wa dola walikubaliana juu ya jambo moja, yaani kwamba anayekishika kipaza sauti ndiye anayeishika Kenya. Funzo hilo halikusahauliwa Ikulu. Tangu hapo redio ilichungwa kama ghala la silaha.

Tena, ni nani aliyetufundisha kuichunga hivyo? Redio haikuanzishwa Kenya kwa ajili yetu. Ilipoanza Nairobi mwaka 1928 ilikuwa ya walowezi, kwa Kiingereza. Mwafrika alianza kuzungumzishwa kwa lugha zake wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipohitaji vijana vitani na utulivu kwa jamaa waliobaki nyumbani. Mwaka 1953, katikati ya Hali ya Hatari, idhaa ya Waafrika iliundwa, na moja ya kazi zake ilikuwa kupigana na Mau Mau kwa maneno. Mwaka 1961 likaundwa shirika. Mwaka 1964, uhuru ukiwa mchanga, shirika likavunjwa na redio ikatiwa mfukoni mwa wizara kwa jina la Sauti ya Kenya. Jina zuri kweli. Mwaka 1989 jina la shirika likarudishwa, KBC, chini ya sheria ambayo ni Sura ya 221, na mwenyekiti akawa ni wa kuteuliwa na Rais. Mkoloni aliondoka akaacha ufunguo mlangoni, nasi hatukubadilisha kufuli. Jumba lenyewe la utangazaji liko kwenye barabara iliyopewa jina la Harry Thuku, na ni hapo karibu, tarehe 16 Machi 1922, ambapo umati uliodai Thuku aachiliwe ulimiminiwa risasi. Wafanyakazi wa redio hulisoma jina hilo kila asubuhi wakiingia kazini.

Tuseme wazi kwamba hatuwalaumu wasomaji wa habari na mafundi wa mitambo. Wengi walikuwa, na wengine bado ni, mabingwa wa lugha na wa kazi yao. Waumini wanaosoma 1 Wafalme, sura ya 22, wanamkumbuka Mikaya mwana wa Imla. Mfalme Ahabu alikuwa na manabii wapata 400, wote wakimtabiria ushindi kwa kauli moja. Mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya alimshauri njiani, kwa upole, naye aseme maneno mema kama wenzake. Mikaya alikataa, akapigwa kofi barazani, akatiwa gerezani. Wahubiri wetu humtaja sana Mikaya na kofi lake. Sisi twamtazama zaidi yule mjumbe. Hakumtisha nabii wala hakumwonyesha amri iliyoandikwa. Alimnong'oneza ushauri wa rafiki. Ndivyo chumba cha habari cha serikali kinavyoendeshwa hadi leo: hakuna karatasi inayokataza, kuna mwenzako anayekuambia kwamba kila mtu amekwisha kusema vile, na wewe una watoto wanaosoma. Na Ahabu alipata faida gani? Alikwenda vitani akiwa na sauti 400 zinazofanana, akarudi maiti.

Wananchi hawakukaa kimya wakisubiri. Jioni redio zilizungushwa kwenye masafa mafupi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ile ya Sauti ya Ujerumani, iliyoanza 1963, zilikuwa mahali ambapo Mkenya alisikia habari za Kenya. Watu walianika mawe ya redio juani ili yapate nguvu ya nusu saa tu, wakaikusanya jamii, wakasikiliza kutoka London na Cologne yaliyotokea Kamukunji. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, ni wangapi waliingojea redio yao wenyewe iwaambie ukweli? Aibu hiyo haijalipwa. Taifa linalolazimika kuuliza habari zake kwa jirani wa mbali halina redio ya taifa, hata liwe na mitambo mia.

Makanisa yalikuwa njia nyingine. Mchungaji Timothy Njoya alipohubiri siku ya Mwaka Mpya wa 1990 juu ya tawala zilizokuwa zikianguka Ulaya ya Mashariki, mahubiri yake yalienea kwa mdomo na kwa karatasi zilizonakiliwa. Wakati ule mara nyingi mwananchi aliisikia kauli ya mhubiri kwanza kwa njia ya kemeo: kiongozi wa KANU akimlaani mtu kwa maneno ambayo msikilizaji hakupata kuyasikia. Jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilikuwa limepigwa marufuku mwaka 1988 kwa kuandika juu ya uchaguzi wa mlolongo. Na mama wa wafungwa wa kisiasa walipoanza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru Park tarehe 28 Februari 1992, wakapigwa na polisi tarehe 3 Machi, wakahifadhiwa katika Kanisa Kuu la All Saints muda wa karibu mwaka mmoja, walikuwa umbali wa mwendo mfupi kutoka jumba la utangazaji. Vipindi vya kina mama havikukosekana redioni. Twauliza: mama yupi kati ya hao alialikwa kueleza kwa sauti yake ni kitu gani kinachomfanya mzazi avue nguo mbele ya askari?

Wapo wanaosema tumechelewa, vita hivi vimekwisha. Vituo vya kibinafsi vilianza kupewa leseni miaka ya 1990, na sasa mtu akizungusha redio yake anazipata idhaa hadi anachoka, na vijana wana simu mkononi. Kwa nini tusumbuke na KBC?

Twajibu kwamba kituo cha biashara huenda penye matangazo ya biashara. Mahali ambapo hakuna duka la kutangaza, mwenye kituo haoni faida ya kusimamisha mlingoti, na hatumlaumu, maana hakuapa kuwahudumia watu wote. Redio ya umma iko chini ya wajibu huo. Tena inalipiwa, na asiyeisikiliza na anayeisikiliza wote hulipa. Lakini sababu kubwa zaidi ni ile ya siku ya shida. Tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zilipozuka katika jumba la KICC, matokeo ya urais yalitangazwa ndani ya chumba, mbele ya kamera na vipaza sauti vya KBC peke yake. Muda mfupi baadaye Rais aliapishwa Ikulu, na jioni hiyo vyombo vyote vikakatazwa matangazo ya moja kwa moja. Ukweli wa nchi nzima ulipitishwa katika tundu moja. Na tundu lenyewe lilikuwa limekosa kuaminiwa kwa miaka zaidi ya arobaini! Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata. Hatusemi redio iliwaua. Wauaji walikuwa na mikono yao na wakubwa wao. Twasema kwamba siku ile, kama ingekuwapo sauti moja ambayo mtu wa Kisumu na mtu wa Nyeri wote wameizoea kwa ukweli, pengine wangesimama kuisikiliza. Haiwezekani kuaminiwa siku ya moto kama ulidanganya siku za amani.

Wapo pia wanaotuonya kwamba redio ikiachiwa huru itachoma nchi, na mfano wao ni Rwanda mwaka 1994. Mfano huo wanaushika kwenye ncha isiyofaa. Redio ya RTLM iliyochochea mauaji ya kimbari ilikuwa ya watu wa karibu na utawala, na haikuwa na nafasi ya mtu wa kuipinga. Hatari ni sauti moja isiyojibiwa. Hapa kwetu pia vipo vituo vya lugha za mama vilivyolaumiwa kwa uchochezi baada ya uchaguzi wa 2007, na vilistahili kuchunguzwa. Lakini dawa ya mwenye maneno ya sumu haijawa kamwe kumnyima maneno mwenye akili.

Tuje sasa kwenye sheria, maana wengi hawajui kwamba tumekwisha kushinda kwenye karatasi. Mwaka 1997, katika mapatano ya IPPG kati ya wabunge wa KANU na wa upinzani, Sheria ya KBC ilirekebishwa ili shirika liweke usawa katika kugawa saa za matangazo kati ya mitazamo mbalimbali ya kisiasa, na vyama vipewe muda wa bure wakati wa kampeni. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 34, ibara ndogo ya 4, kinasema vyombo vyote vya habari vya serikali vitaamua kwa uhuru yale vinayotangaza, visiwe na upendeleo, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana na ya wanaopinga. Someni tena neno hilo: wanaopinga. Katiba haikusema wavumiliwe. Imesema wapewe nafasi.

Basi tupime. Tarehe 30 Januari 2018 vituo vya runinga vya kibinafsi vilizimwa kwa sababu vilitaka kuonyesha kiapo cha upinzani Uhuru Park, na amri ya Mahakama Kuu ya kuviwasha ikapuuzwa kwa siku kadhaa. Mwezi Machi 2024 wizara inayohusika na utangazaji iliagiza idara za serikali zipeleke matangazo yao ya redio na runinga kwa KBC pekee. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru redio na runinga zikome kuonyesha maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Watawala hawa si wa chama kimoja. Wengine walikuwa nasi barabarani. Kila mmoja alipoingia aliikuta ile kufuli ya zamani ikifanya kazi vizuri, akasahau kwamba aliwahi kuwa upande wa nje.

Hilo agizo la Machi 2024 lastahili kuangaliwa sana, kwa kuwa baadhi ya marafiki wa redio ya umma walilifurahia. Walisema hatimaye shirika, ambalo limebeba kwa miaka mingi mzigo wa deni la mkopo wa Japani, litapata riziki. Lakini riziki ya namna hiyo ni kamba. Shirika likiishi kwa matangazo ya wizara, mhariri atakayefichua wizi katika wizara atakuwa anakata mshahara wa wenzake mwisho wa mwezi. Wahenga walituambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa twaona mgema anayelipwa ili asifu. Twadai fedha za redio ya umma zipitishwe na Bunge kwa kura, hadharani, kwa kipindi cha miaka kadhaa, ziwe hazipunguzwi wala haziongezwi na waziri aliyefurahi au aliyekasirika. Twadai uteuzi wa mwenyekiti na wa bodi utoke mikononi mwa Rais na makatibu wa wizara, nafasi zitangazwe, wanaoomba wahojiwe mbele ya watu. Shirika lina Radio Taifa na vituo vya lugha kama Coro, Mayienga, Minto, Kitwek na Pwani. Kila kimoja kiwe na saa moja ya mjadala kila siku ambapo kiongozi wa kaunti hatakuja kuhutubia, atakuja kuulizwa, na atakayemuuliza awe mwenye swali mwenyewe, kwa lugha anayoiweza.

Na hadithi zisisahauliwe. Kanda za zamani za michezo ya redio, za mashairi, za masimulizi ya wazee katika lugha zetu, ni mali ya umma sawa na ardhi ya umma. Kila kanda inayoliwa na ukungu ni shamba lililonyakuliwa, isipokuwa mnyakuzi hapa ni uzembe. Zihifadhiwe, zirudishwe hewani, na wasimulizi wa leo walipwe watunge mpya. Tumechoka kusikia kwamba hakuna fedha za msimulizi katika shirika ambalo halijawahi kukosa gari la kuufuata msafara wa mkubwa.

Kwa vikundi vya haki na amani vya parokia, jumuiya za misikiti, vyama vya akina mama na vijana wanaosoma jarida hili: chagueni siku moja kabla ya mwisho wa mwezi. Gawaneni saa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, watu wawili wawili, kila wawili na daftari. Kwa kila habari, kila mjadala na kila hadithi andikeni nani amesemwa, nani amesikika kwa sauti yake mwenyewe, kwa dakika ngapi, na kama aliyetajwa kwa ubaya alipewa nafasi ya kujibu. Msiandike hasira zenu. Andikeni saa na majina. Pamoja na daftari, peleka barua moja kwa shirika chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ukiuliza kila chama kilipewa dakika ngapi za bure katika kampeni ya 2022, na saa zipi. Sheria inampa afisa siku 21 za kujibu. Hesabuni kuanzia siku barua itakapopigwa muhuri wa kupokewa, na nakala ya muhuri huo mtuletee.